Mwaka Ile Baliniita Mikste

Mujukuu yangu Neema alinicheka asubui ile mupaka mandasi ikamutoka mu kinywa. Mi nilikuwa nimekaa ku mulango, kioo juu ya magoti, najibonyeza pudre ku pua. Nilikuwa nimeshamwambia kwamba naenda Lilongwe, kule Mtandire, kumuona Mama Nabintu, rafiki yangu wa zamani mwenye macho yake imezimika juu ya ugonjwa ya sukari. Mutoto akafikiri kidogo, akasema, "Koko, sasa unajipakaa kwa mutu mwenye hataona?" Mama yake, Riziki wangu, akamukemea, lakini na yeye alikuwa anacheka, nilimuona mabega. Nikabaambia muniache. Kuna uso ya kuonyesha bantu, na kuna uso ya kumupelekea mutu. Hii ya leo ni ya kupeleka, juu yeye njo alinipatia.

Na si uso ya harusi. Ni ile yangu ya kila siku, ya soko na ya kanisa, haichukue muda kushinda chai kuchemuka. Naosha na mayi ya baridi, juu mayi ya moto inakasirisha ngozi. Sabuni ya kufulia haifike ku mashavu, ata kama ni hiyo tu iko mu nyumba. Kiisha natia tone ya gliserini mu kiganja, naongeza mayi kidogo, nasugua mikono, na napapasa mashavu tu, mashavu na pembeni ya mudomo, pale ngozi yangu inapasukaka sawa udongo ya kambi yetu ya Dzaleka mu wakati ya baridi. Ku paji, ku pua, ku kidevu, gliserini haiende. Hapo Mungu alishaweka mafuta yake mwenyewe, na hakupima. Naacha mashavu inywe, na wakati inakunywa mi naamkia majirani, nauliza habari ya mutoto wa huyu na mbuzi ya yule. Kiisha njo pudre. Inaanza ku paji, inashuka ku pua, inamalizia ku kidevu, basi. Ile njia Mama Nabintu alikuwa anaita musalaba. "Pudre inafwata musalaba," alikuwaka anasema. "Mashavu ni bapagani, ubaache." Na haifutwe, inabonyezwa na kitambaa laini, pole pole, sawa unatuliza mutoto. Krayo kidogo ku nyushi, ruje kidogo ku midomo, na ile ruje inabaki ku kidole naigusisha ku mashavu, bantu baseme huyu mama alikula muzuri. Jua ikipanda na musalaba ikianza kung'aa, natoa kipande ya karatasi laini mu mukoba, nabonyeza, inakunywa mafuta, naendelea na maisha. Riziki anasema paji yangu inaweza kukaanga mandasi. Aseme. Uzee yenyewe imeshindwa kuikausha.

Ile mwaka nataka kubaambia ilikuwa yangu ya kwanza mu ile kambi ya bakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi, miaka ile ya elfu mbili na kidogo. Riziki alikuwa anamaliza shule ya musingi, na mi mwenyewe nilikuwa bado na kiuno. Mutaniuliza, Koko, kwanza ulitoka wapi, baba yako nani, mama yako kabila gani? Hiyo naruka. Siyo kiburi. Kule tulitoka kulikuwa bariere ku barabara, na bantu ba bariere habakuwa banauliza karatasi. Balikuwa banakushika kidevu, banageuza uso yako ku mwanga, banaangalia pua, banaangalia paji, na mu uso yako banasoma baba yako na mama yako. Mwenye alisomwa vibaya hakuendelea na safari. Mi nilipita juu siku ile mvua ilikuwa inapiga, nilikuwa nimejifunika kitenge mupaka macho, na yule kijana wa bariere alikuwa amechoka kulowana. Kutoka pale kitenge haikutoka tena. Joto ya mwezi ya kumi, kitenge. Ku foleni ya kupokea mahindi, kitenge. Bamama ba kambi balidhani niko mu dini fulani ya kujifunika, na mi nikabaacha badhani, juu dini haina hatari sawa pua.

Mama Nabintu hakuniuliza kitu. Alinikuta ku bomba ya mayi na Riziki, hatuna pa kulala pazuri, akasema, "Njooni, chumba ni ndogo lakini iko na mulango." Alikuwa mwanamuke wa Bukavu, mukubwa wangu, mushonaji, mwimbaji wa kwaya, mwenye shule yake na Kifaransa yake, na sauti ya kuita mutu upande ingine ya kambi. Chumba yake ilikuwa ya matofali ya udongo, juu nyasi na plastiki, na ndani kulikuwa mashini ya kushona, kitanda, benchi, pazia yenye tulilala nyuma yake mi na Riziki, na kioo ndefu yenye ilipasuka ku pembe. Ile kioo aliinunua ku soko ya Dowa, ikakuja imefungwa nyuma ya kabaza, yeye anafwata ile baiskeli kwa miguu, anaimba kwa nguvu ili bantu bapishe. Bantu balidhani ni msiba, bakavua kofia. Jumamosi benchi ilikuwa inajaa, juu mwanamuke yote wa kuolewa mu kambi alipita hapo kwanza, Mukongomani, Murundi, wote. Mi nilikuwa nachota mayi, nawasha makaa ya pasi, napika. Tulikuwa tunakula sombe ya majani ya muhogo na bugali, yenye Bamalawi banaita nsima, na siku ya baraka usipa, samaki ndogo ile ya hapa, na nyanya. Harufu ya usipa na harufu ya pudre, mi mupaka leo nikisikia moja, ile ingine inakuja yenyewe.

Basi, Jumamosi moja ya wakati ya baridi. Benchi imejaa. Mwenye kuolewa alikuwa mutoto wa dada ya Mama Ciza, Mama Ciza yule Murundi muuza mandasi, jirani yetu wa ukuta moja. Mama Nabintu alikuwa anafundisha bale bamama namna ya kupakaa uso, anatembea na kitambaa mu mukono sawa mwalimu na chaki, anabagombeza. "Munajisiliba sawa ukuta! Uso si ukuta. Kila ngozi iko na tabia yake." Mi nikaingia na birika ya mayi ya moto. Mvuke ikanipanda, kitenge ikateleza ku mabega, na mikono yangu yote miwili iko ku birika. Mama Nabintu akanishika kidevu. Akageuza uso yangu ku mwanga ya mulango.

"Mumuone huyu," akasema na ile sauti yake. "Musitafute mbali. Huyu ni mikste. Mikste kabisa! Hapa katikati ni kitu moja, hapa kandokando ni kitu ingine. Anajifichaka mu kitenge, lakini mi nilimujua kutoka siku ya kwanza."

Sasa muelewe. Mu kambi ile neno ilikuwa na kazi moja tu. Mikste ni mutu mwenye baba yake ni wa upande ya huku na mama yake ni wa upande ya kule. Ni mutoto wa ndoa yenye pande zote mbili banatemea mate. Ilikuwa neno ya kunong'ona, juu mu ile kambi kulikuwa bantu benye balikimbia, na balisema kulikuwa na benye balifwata bale balikimbia. Na yeye anaisema mu mulango, mchana, na mukono ku kidevu yangu.

Benchi yote ikageuka kuniangalia. Mama Ciza akasimama. "Eeh, Mama Nabintu! Hiyo haisemwake mbele ya bantu!"

"Kwa nini haisemwe? Ni aibu? Bantu bengi ni mikste na habajue, njo maana banaharibika!"

"Yesu wangu," Mama Ciza akasema, akakaa tena.

Mi nikaweka birika chini. Niliiweka pole pole, nakumbuka, juu nilikuwa naogopa kumumwagia mayi yule bibi harusi ku miguu. Nikavuta kitenge, nikatoka, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikasimama na mugongo ku ukuta ya udongo. Mu kichwa yangu nilikuwa tayari nimefika Mtandire. Nilikuwa nasikia bantu banasema kule ku pembe ya Lilongwe kuna manyumba mengi yenye haina mupango, mutu anaingia, anatafuta kibarua, anafulia bantu nguo, na hakuna mwenye anauliza. Riziki alitoka ku masomo ya Jumamosi akanikuta nyuma ya pazia nakunja blanketi ndani ya sufuria. Mitihani yake ya kumaliza shule ilikuwa karibu. Mutoto hakulia. Aliangalia ile sufuria, akasema, "Mama, tunaenda tena?" Ni hiyo "tena" njo iliniuma. Nilimujibu, "Kesho kutwa asubui," na sauti yangu ilikuwa sawa ya mutu mwingine. Mi sikuogopa kibarua, sikuogopa njaa. Niliogopa kwamba mutoto wangu atajifunza kuhama sawa bengine banajifunza kusoma.

Siku ile na kesho yake, siku ya Mungu, Jumapili, sikusema na Mama Nabintu. Alienda kanisa peke yake. Akarudi, akapika usipa na nyanya, akaweka sahani yangu mbele ya pazia, akakohoa ili nijue, akatoka. Mi nikakaa na ile sahani, nikasikia mguu yake inazunguka, inaingia kwa Mama Ciza. Ukuta ya udongo ni kitu ya ajabu. Baridi inaizuia, lakini maneno inapita yote.

"Mama Ciza, huyu mwenzetu amekasirikia nini? Kutoka jana hasemi. Nimeona anafunga vyombo."

"Unaniuliza mi? We njo ulimuvua nguo mbele ya bantu."

"Nilimuvua nguo? Nilimushika kidevu tu!"

"Ulimuita mikste."

"Si ni mikste!"

"Punguza sauti, mwanamuke. Ata kama ni kweli. Unataka bantu bakuje bamutafute?"

"Bamutafute juu ya ngozi?"

"Juu ya ngozi, juu ya pua, juu ya damu! We ulitoka ku mwezi?"

Nilisikia mafuta ya mandasi inanguruma mu sufuria ya Mama Ciza. Kiisha Mama Nabintu akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo, mi sikuwa najua iko na sauti ndogo. "Mama Ciza. Mi nilisema ngozi. Kwa Kifaransa tunasema po mikste. Ngozi ya kuchanganyika. Katikati inatoa mafuta, mashavu ni kavu. Sawa yangu. Kwani nyinyi mulisikia nini?"

"Ngozi?"

"Ngozi."

"Mafuta na ukavu?"

"Mafuta na ukavu, Mama Ciza."

Mama Ciza akapiga kelele, "Yoo! Yoo mama we!" na akaanza kucheka, anacheka na anapiga mapaja, anasema, "Na mi nilisema Yesu wangu! Na bibi harusi alishikwa na kutetemeka! Yoo, mandasi yangu inaungua!" Na mi nyuma ya ukuta, na sahani ya usipa ku magoti, sikujua kama nicheke ao nilie, na tumbo ikachagua yenyewe, ikacheka. Nilicheka na mukono ku mudomo ili basinisikie.

Lakini Mama Nabintu hakucheka. Hiyo sikusahau. Alirudi, akapita mbele ya kioo bila kujiangalia, akakaa chini mbele ya pazia, chini ku udongo, na nguo yake ya kwaya. Akavuta beseni. Akaosha uso yake, pale pale, mbele yangu, ikatoka pudre, ikatoka krayo, mayi ikawa sawa chai ya maziwa. Mi nilikuwa nimelala mu chumba moja na huyu mwanamuke miezi na miezi na sikuwa nimeona uso yake. Alikuwaka anaamka mbele ya majogoo ili asionekane. Akainua kichwa. Paji yake iling'aa sawa sahani ya kuoshwa, na mashavu ilikuwa na magamba nyeupe sawa samaki ya kukauka. Ilikuwa uso ya mutu mwenye kuchoka, na uso muzuri.

"Tazama," akasema. "Na mi niko mikste. Tuko babili."

Nikamwangalia ile uso. Mutu akikupatia uso yake yote namna ile, unamupatia nini? Nikasema, "Mama, ile ingine pia ni kweli. Yenye Mama Ciza alisikia. Baba wa huku, mama wa kule." Ilikuwa mara ya kwanza naisema kwa mutu mwenye hakuwa mutoto wangu. Nilimwangalia mikono, juu nilijifunza kuangalia bantu mikono kwanza. Mikono yake ilibaki mu beseni. Kwa mulango nilimuona Riziki amesimama na vitabu ku kifua, ametoka kusoma kwa rafiki yake, anaangalia ile sufuria yenye blanketi na anatuangalia sisi.

Mama Nabintu akapangusa mikono ku nguo ya kwaya. "Ile ingine haina pudre yake," akasema. "Hiyo ukae nayo, siku ukitaka kuisema, sema, usipotaka, mi sina masikio. Lakini ngozi, hiyo naiweza. Mama Riziki, naweza kukushika kidevu?"

Aliuliza. Mutu wa Bukavu, mwenye chumba, mukubwa wangu, aliuliza. Nikafungua kitenge mwenyewe, nikaiweka ku magoti, nikamuletea kidevu. Akageuza uso yangu ku mwanga na akaanza. Gliserini ku mashavu, anapapasa na vidole vya baridi. "Usicheke, mashavu inakunja." Anangoja. Anabonyeza paji na karatasi, anamuonyesha Riziki ile karatasi imekuwa na doa ya mafuta. "Ona utajiri ya mama yako." Pudre yake ilikuwa mbili, moja nyeupe kupita kiasi, moja nyeusi kupita kiasi, yenye kufanana na sisi haikuwa inafika mu maduka ya kule siku zile, na alikuwa anazikoroga mu kifuniko mupaka inapata rangi ya mutu. "Si ya kukubadilisha, usiogope," akasema. "Sitaki ya kuchubua mu nyumba yangu. Ni ya kukurudisha." Akafwata musalaba, paji, pua, kidevu. Ile pua yangu, yenye niliificha mvua na jua, alikuwa anaibonyeza pole pole na kitambaa na anaimba na pua yake mwenyewe. Alipomaliza akanipeleka mbele ya kioo ya kupasuka. Nilikuwa naogopa kumuona mwenye bale ba bariere balimutafuta. Nikaona mwanamuke tu, amekula muzuri.

Riziki akatoa blanketi mu sufuria, akaitandika. Hakuna mwenye alimutuma.

Jumapili ya kufwata nilienda kanisa kichwa wazi. Kutoka ku mulango yetu mupaka kanisa si mbali, lakini nilitembea sawa mutu anavuka muto. Bantu baliangalia, ndiyo. Mama mumoja akaniuliza, "Umebadilisha dini?" Mama Ciza akajibu mbele yangu, "Hapana, amebadilisha pudre." Riziki alifanya mitihani, akapita. Na mi nikaanza kupakaa bibi harusi pamoja na Mama Nabintu, yeye macho, mi mashavu. Mu chumba yetu ile neno ikawa ya mchezo. Mwanamuke akiingia, tunamuuliza, "We ni kavu, ni mafuta, ao ni wa kwetu?" Sisemi kwamba woga iliisha. Woga haiishake, inazoea kukaa nyuma ya mulango. Lakini kabla ya mvua kuanza Mama Nabintu aliitwa na mutoto wake wa kiume Lilongwe kushona, akaenda na mashini, akaniachia kioo. Kiisha simu ikapotea, namba ikabadilika, mwaka ikala mwaka. Mupaka juzi mutu wa kanisa akaniambia, "Yule mama mwenye sauti iko Mtandire, lakini haone tena."

Ajabu ni hii, Mtandire yenye nilitaka kukimbilia ili nisijulikane, nimeenda kuifikia na uso ya kupakaa ili nijulikane. Mukamwana wake alinifungulia, nikaweka kidole ku mudomo, asiseme jina. Mama Nabintu alikuwa amekaa ku mukeka, amekuwa mudogo, kitambaa safi ku kichwa. "Ni nani anapumua hapo sawa mbuzi ya kupanda kilima?" akauliza. Sauti haikuzeeka. Nikapiga magoti, nikachukua mukono yake, nikaiweka ku kidevu yangu mwenyewe.

Vidole ikakaa kwanza. Kiisha ikapanda ku shavu, ikakwama pale kavu, ikarudi. Ikaenda ku paji, ikateleza. Ikashuka ku pua, pole pole, ile pua, mupaka ku ncha. Mama Nabintu akafungua kinywa.

"Mikste!" akapiga kelele. "Mikste wangu!" Alipiga kelele mupaka majirani bakatokea ku mulango, Bamalawi banauliza kuna nini, kuna nini. Na mi nikaitika mbele ya wote, kwa sauti ya kwaya, "Njo mi, Mama! Njo mi!" Alilia, nililia, na kiisha akaanza kunigombeza. "Umeweka pudre nyingi ku pua. Nilikufundisha kubonyeza, si kuzika."

Tulipokwisha kunywa chai akaniambia nimutengeneze na yeye, juu kutoka macho iende hakuna mwenye alimugusa uso, banamuosha tu sawa sufuria. Nikatoa kitambaa, nikatoa pudre, nikauliza kwanza kama naweza kumushika kidevu. Akacheka. Nikapapasa, nikatafuta mafuta ku paji, nikatafuta ku pua. Hakuna. "Musalaba imeenda wapi?" akauliza, juu alisikia vidole yangu inasimama.

"Imekauka, Mama. Paji, mashavu, yote ni kavu sasa. Ni sawasawa."

Akafikiri, uso yake imegeukia ku mwanga yenye hakuwa anaiona.

"Kumbe," akasema. "Nimezeeka, nimekuwa kabila moja."

Nikamwambia anyamaze niweke ruje. Hakunyamaza, na mi sikunyamaza, na ruje ikaenda yote ku meno, ikabidi nimuoshe nianze upya.